Ukumbi wa Nyaya

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umetoboka hapa, umefumuka pale, na mgeni akibisha hodi mwenyewe huusukumia uvunguni kwa aibu. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, mpya, wenye nakshi. Lakini msala wanaousema wahenga ni ule upitao, yaani uko begani mwa mtu mwingine na unakwenda zake. Wahenga walipotuonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao, hawakusema kwamba mbacha ni mzuri. Walisema ni wetu. Wako watu wenye vyeo na tai shingoni ambao hadi leo hawajaielewa tofauti hiyo, na inaudhi kwamba gharama ya ujinga wao huwa hawailipi peke yao.

Mbacha wa kisa hiki ulikuwa ukumbi mrefu wa paa la bati, nyuma ya kiwanda cha kuunganisha magari madogo ya mizigo. Humo walifanya kazi akina mama waliofunga nyaya. Gari, hata likiwa na injini ya kuvuma na rangi ya kung'aa, ni debe tu mpaka lipate nyaya zake: za taa, za honi, za wipa, za kuwashia injini, zote zikiwa zimefungwa pamoja kwa tepu nyeusi na kutoa matawi huku na huku kama mzizi uliong'olewa. Fungu hilo lilitengenezwa juu ya ubao mkubwa uliopigiliwa misumari. Msumari huu ulionyesha waya ukunje kona, ule ulionyesha utoe tawi, na wa mwisho ulionyesha ukomee. Kila mama alisimama mbele ya ubao wake akipitisha waya msumari kwa msumari, mikono ikienda na mdomo ukienda, maana ukumbi ule haukujua kunyamaza.

Msimamizi wao aliitwa Bi Waya. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kufukuza kunguru na hasira za karibu. Mama aliyeacha plagi ikilegea alisemwa mpaka akaomba ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo wenzake walimpenda, kwa sababu hakumsema mtu kisogoni. Alimsema usoni, yakaisha. Mume wake alikuwa fundi wa rangi katika kiwanda hicho hicho, mtu mpole wa maneno machache. Na mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki dunia na kumsomesha kwa jasho la ukumbi ule, ndiye aliyekuwa meneja wa ununuzi.

Meneja huyo wafanyakazi walimbandika jina la Sampuli. Hakuna safari ya ng'ambo aliyorudi mikono mitupu: mara taa, mara kufuli, mara parafujo ambayo kwa maelezo yake hapa kwetu haitapatikana hadi kiama. Asubuhi moja aliingia ukumbini akiwa amepakata mfuko wa nailoni kama mtu aliyetoka wodi ya wazazi.

"Dada, shikamoo. Akina mama, hamjambo? Hebu sogeeni muone."

Ndani ya mfuko mlikuwa na fungu la nyaya, safi, laini, tepu yake haina hata mkunjo.

"Marahaba," alijibu Bi Waya. Alilishika, akalipindua. "Zuri. Limetoka wapi?"

"Ng'ambo. Linakuja limeshafungwa. Unafungua mfuko, unaliweka ndani ya gari, kwisha kazi."

"Ng'ambo ni kubwa. Nakuuliza wapi, na linafikaje hapa?"

"Dada yangu, dunia ya siku hizi ni kijiji."

"Na njia ya kijiji hicho ikikatika?"

Sampuli alicheka, akawatazama akina mama kana kwamba anawaomba wamsamehe dada yake. "Linakuja kwa meli. Umeona wapi bahari ikakatika?"

Hapo ndipo Mama Pacha, msaidizi wa Bi Waya na mcheshi wa ukumbi, alipouliza swali ambalo wote walikuwa wamelimeza: "Na sisi je, bwana meneja? Sisi tutafungiwa kwenye mfuko gani?"

Walifungiwa nje. Mwezi ule ule ukumbi ulifungwa, kila mama akashukuriwa kwa hotuba na kukabidhiwa mwamvuli wenye nembo ya kiwanda. Mwamvuli! Watu waliokesha kwa miaka na macho yakawauma kwa kutazama nyaya nyembamba, wanapewa kitu cha kujikinga na mvua wakati wanaowapa ndio wanaowatoa chini ya paa. Kuna matusi mengine hayatamkwi kwa mdomo, yanagawiwa kwa mstari.

Bi Waya hakuomba huruma. Aliomba mbao zake tu. "Nyinyi hamzihitaji tena," alimwambia mdogo wake. "Zile mbao ndizo zinazojua gari hili lina umbo gani. Tupeni tuondoke nazo."

"Ni mali ya kampuni, dada. Na tumeshazipangia kazi."

Kazi yenyewe ilionekana kabla akina mama hawajamaliza kufunga virago. Seremala wa kiwanda aliingia na msumeno, akang'oa misumari, akazikata mbao zile moja baada ya nyingine, zikawa rafu za stoo za kuwekea maboksi ya nyaya kutoka ng'ambo. Bi Waya alisimama akitazama. Hasira zilimpanda hadi masikio yakawa yanavuma.

"Hii unayoikata ni mikono ya watu, wewe!" alifoka.

Seremala alisita, akamtazama bosi wake. Sampuli alimsogelea dada yake, akamnong'oneza: "Usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu? Aibu umekuja nayo mwenyewe kwenye nailoni!"

Alitoka bila kuaga. Tangu siku hiyo, ndugu wawili walionyonya ziwa moja walipishana njiani kama mbuzi na kisiki.

Akina mama walikodi chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, wakawa wanatengeneza nyaya za magari yaliyoungua na pikipiki zilizokufa taa. Riziki ilikuwa haba, hata uji waliuongeza maji ili uwatoshe. Aliyewaokoa alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, mzee mmoja aliyekuwa akiunda mabasi upande wa pili wa mji, bahili asiyemwagika hata tone. Walimwita Mzee wa Mabasi. Alikuja, akakagua kazi yao, akanuna, akasema, "Nyaya zangu zikiungua nitawatangaza mji mzima. Zisipoungua sitasema kitu, kusifu ni gharama." Zikawa haziungui, naye akawa hasemi kitu, ila kila mwezi alileta kazi nyingine. Kidogo kidogo chumba kikajaa mbao mpya zenye misumari mipya, za umbo la mabasi.

Tusimsingizie Sampuli. Kwa muda, mambo yake yalinyooka. Mifuko ya nailoni ilifika, magari yalitoka, na yeye akapandishwa cheo na kuongezewa upana wa meza. Kisha dunia, ile iliyokuwa kijiji, ikafunga milango yake. Kwanza ugonjwa ukafunga viwanda vya ng'ambo. Vilipofunguliwa, meli zikawa haba na makontena hayapatikani. Meli zilipopatikana, vita vikazuka kandokando ya mlango wa bahari zinakopita, zikalazimika kuzunguka bara zima. Bahari ambayo haikatiki ikakatika. Kila mwenye kiwanda, aliyekuwa akitaja ng'ambo kama pepo, akaanza kuimba wimbo mpya wa vipuri vya nyumbani. Anayetengeneza matairi karibu, anayeshona viti karibu, anayekata vioo karibu, wote wakatafutwa kama dawa. Wenye viwanda walionusurika ni wale ambao hawakuwa wamewafukuza mafundi hao.

Katika kiwanda cha Sampuli, magari yaliendelea kutoka kwenye rangi yakiwa yanang'aa, yakasukumwa uwanjani kwa mikono kwa kuwa hayakuwa na nyaya za kuyawashia. Yalisimama safu kwa safu, macho yametobolewa matundu ya taa, majani yakiota hadi kwenye matairi. Uwanja ulipojaa, wafanyakazi walirudishwa nyumbani bila mshahara mpaka watakapoitwa. Mume wa Bi Waya alikuwa miongoni mwao. Na Mwenye Kiwanda, tajiri ambaye kwa kawaida alionekana mara moja kwa mwaka, akatangaza kwamba magari yasipoanza kutoka kabla ya msimu kwisha, atafunga lango na kuuza vyuma kwa kilo.

Ndipo Sampuli alipokwenda kwa dada yake. Alikuta chumba kimejaa akina mama na harufu ya plastiki iliyopata moto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kwa ajili ya kazi. Ukumbi upo, nimeamuru ufagiliwe. Rudini wote, leo hii. Hii kazi ya mabasi iwekeni kando kwanza."

"Tukafungie nyaya juu ya nini? Mbao zangu ziko wapi?"

Sampuli alitazama viatu vyake. "Stoo."

"Zinafanya nini stoo?"

"Dada, unajua."

"Najua. Nataka uliseme wewe, hawa wasikie."

"Ni rafu," alisema kwa sauti ndogo, kisha akajikaza. "Yaliyopita si ndwele. Damu ni nzito kuliko maji, dada."

"Siku ile ulipoleta msumeno, damu ilikuwa nyepesi?" Bi Waya alisimama, na koleo lilikuwa bado mkononi. "Toka! Toka kabla sijasahau kwamba nilikubeba mgongoni!"

Akatoka. Mama Pacha alingoja hadi mlango ukafungwa, kisha akasema kwa uangalifu, "Bi Waya, mimi namchukia kuliko wewe. Lakini pale ukumbini kuna hewa. Kuna choo cha maana. Mzee wa Mabasi tumwambie tu angoje."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Bi Waya aliwatazama, na kitu kilichomuudhi zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa akiutamani ukumbi ule. Alijiona akiingia kwa kishindo, Sampuli akimfungulia mlango.

"Mzee wa Mabasi alitupa kazi tulipokuwa hatuna mbele wala nyuma," alisema hatimaye. "Tukimwacha leo kwa sababu mlango mkubwa umefunguliwa, niambieni, tutakuwa na tofauti gani na Sampuli?"

Jioni hiyo mume wake alimsikiliza akifoka tangu alipovua viatu hadi vyombo vilipooshwa. Alipopungua pumzi, mume alisema neno moja tu. "Mke wangu, mimi sikukata mbao. Wala vijana wangu wa rangi hawakukata."

Maneno hayo yalimkera kwa kuwa yalikuwa kweli. Kiwanda kikifungwa, Sampuli angepata mahali pengine pa kuning'iniza tai yake. Watakaokosa chakula ni watu ambao hawakuulizwa lolote. Kulipokucha, Bi Waya alikwenda kiwandani kwa miguu yake na kuingia ofisini kwa mdogo wake bila kubisha. Mwenye Kiwanda mwenyewe alikuwepo, amekaa dirishani akitazama magari yake yasiyokwenda.

"Kazi tutaifanya," Bi Waya alisema, akiwa amesimama. "Lakini mabasi hatuyaachi. Nipeni gari moja la zamani, lenye nyaya tulizofunga sisi. Tutalivua, tulaze nyaya zake juu ya mbao mpya, tupigilie misumari upya. Tukimaliza mbao, tutafunga za mabasi asubuhi na zenu mchana. Mtangoja. Hamtangoja sana, lakini mtangoja, na safari hii mbao ni zetu."

Mwenye Kiwanda aligeuka. "Hilo linawezekana?"

"Halina haja," alidakia Sampuli, jasho likimtoka kwenye paji. Kusaidiwa na mwanamke aliyemfukuza mbele ya akina mama jana yake kulimshinda. "Nimeshapata mtu, mheshimiwa. Dalali. Ana kontena zima la nyaya za gari la aina yetu hii hii. Limeshapita kwenye matata, liko karibu na bandari. Tukilipia leo, tunalipata kabla hawa hawajanunua misumari."

"Umeziona nyaya zenyewe?" aliuliza Bi Waya.

"Nimetumiwa picha."

"Picha! Hata sampuli huna safari hii?"

"Dada, nenda kafunge mabasi yako."

Mwenye Kiwanda, kama matajiri wengi, alipenda neno haraka kuliko neno hakika. Kontena likalipiwa.

Siku lilipofika, wafanyakazi wote waliitwa. Mume wa Bi Waya alivaa ovaroli yake aliyokuwa ameipiga pasi. Watu walisalimiana kwa kupigana makofi ya mgongo, wengine wakafyeka majani yaliyoota kwenye matairi huku wakiimba. Sampuli alikata utepe wa boksi la kwanza mwenyewe, akalitoa fungu la nyaya na kuliinua juu, watu wakashangilia. Fundi umeme alilipokea, akaingia nalo kwenye gari la mbele. Alilaza tawi la taa, akalaza tawi la injini, kisha akatafuta tawi la deshibodi. Likatokea upande wa abiria.

Fundi umeme alilitoa, akaligeuza, akalirudisha. Sasa deshibodi ilifikiwa, lakini taa za mbele zilikosa waya na plagi zote zilitazama chini. Alitoka ndani ya gari taratibu.

"Bosi, hizi ni za magari yenye usukani upande wa pili."

"Zivute zifike!" alipiga kelele Sampuli.

"Waya si mpira, bosi."

"Fungua boksi jingine!"

Wakafungua jingine, na jingine, na jingine. Zote zilikuwa nzuri, safi, laini, na zote zilikuwa za gari la nchi za watu. Dalali hakuwa amedanganya. Aliulizwa aina ya gari akataja aina ya gari. Hakuna aliyemuuliza usukani uko wapi, swali ambalo mama yeyote wa ukumbi ule angeliuliza kabla hajavua mkoba begani.

Kisha mtu mmoja, nyuma kabisa, akapiga bodi ya gari kwa kiganja. Mwingine akapiga. Mara uwanja mzima ukawa unapiga magari yale matupu, kwa viganja, kwa ngumi, kwa spana, kelele ya mabati ikapanda hadi barabarani watu wakasimama. Hata fundi wa rangi, yule mpole, alipiga kwa nguvu milango aliyoipaka kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimtoka. Sampuli aliingizwa ofisini kwa mlango wa nyuma na walinzi.

Kesho yake gari la Mwenye Kiwanda lilisimama nje ya karakana ya kuchomelea. Tajiri aliinama kuingia chumbani, Sampuli nyuma yake, hana tai. Akina mama hawakuacha kazi.

"Mama, nimekuja kwenye foleni," alisema Mwenye Kiwanda. "Nyuma ya mabasi. Gari la kuvua nyaya nimelileta, liko hapo nje. Mbao zitakuwa zenu, tumekubaliana."

"Mapatano tutaandikiana mbele ya akina mama hawa," Bi Waya alijibu. "Na watu wako uwaite kazini kuanzia kesho. Wakae uwanjani wakisafisha magari, lakini walipwe."

Tajiri alikohoa, akamtazama, akaona hakuna pa kupenya. "Haya. Walipwe." Kisha akamgeukia Sampuli. "Limebaki hili. Mimi kwa upande wangu nimeshamaliza naye. Lakini ni damu yako, na leo wewe ndiye unayeniokoa. Ukisema abaki, atabaki. Neno lako moja tu."

Mikono ya akina mama ilisimama yote kwa mara moja. Sampuli alimsogelea dada yake, akapiga goti kwenye sakafu iliyojaa vipande vya waya.

"Dada, mimi sina mama mwingine. Mama yangu ni wewe."

Bi Waya alimtazama kichwa, kile kichwa alichokinyoa mwenyewe akiwa mdogo. Aliwatazama akina mama, akaukumbuka uwanja ulivyolia jana, akamkumbuka mume wake alivyorudi na viganja vilivyovimba, akalala na ovaroli yake.

"Inuka," alimwambia. "Nilipokulea nilikufundisha kula, kusoma na kuamkia watu. Kujua kilicho chako sikukufundisha. Nilidhani mtu huzaliwa akijua. Nyumbani kwangu njoo wakati wowote, sahani yako ipo. Ndugu hafukuzwi kwenye chakula. Lakini kazi ya watu hutaichezea tena." Akamgeukia tajiri. "Aende."

Sampuli aliinuka, akangoja kidogo kama mtu anayedhani kuna neno jingine linakuja, kisha akatoka. Akina mama waliisikia hatua yake ikipita karibu na lile gari la kuvua nyaya, ikapotea barabarani. Waliokuwa wakimchekea ng'ambo hawakumtafuta, na waliokuwa wake hapa nyumbani alikwisha kuwatupa siku nyingi. Bi Waya alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akachukua koleo, akawaambia wenzake kwa hasira ile ile ya kila siku kwamba mabasi hayajifungi yenyewe. Na kwa yeyote mwenye kiwanda, mwenye cheo au mwenye ndugu anayeuliza kosa la Sampuli lilikuwa nini hasa, jibu ni lile lile la wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.